Kudurusu Kuanze Kidato cha Kwanza

Kila mwaka ukaribiapo mwezi wa Novemba, taa huwaka mpaka usiku wa manane katika nyumba nyingi za makarani. Kijana wa Kidato cha Nne ameinamia madaftari ya miaka minne, miguu yake imo katika beseni la maji baridi asije akasinzia. Majirani humsifu wakisema ana bidii, nasi hatubishi kwamba bidii anayo. Tunalolibisha ni wakati wake. Kazi anayotaka kuimaliza kwa majuma sita ni kazi ya miaka minne, na kwa kuwa hakuna mtoto ajipangiaye miaka minne peke yake, neno hili lawahusu wazazi na walezi kuliko linavyomhusu yeye.

Sisi tufanyao kazi za ofisini hatuhitaji mfano wa mbali. Karani aandikaye hesabu zake kila jioni na kuzilinganisha na fedha iliyomo sandukuni hana hofu siku ajapo mkaguzi. Lakini yule alimbikizaye hati za malipo mpaka mwisho wa mwaka, ajapokesha majuma mawili, ataona hati hii imepotea na ile haisomeki, na sababu ya malipo yale haikumbuki tena. Masomo nayo yana leja yake, na leja hiyo ni kichwa cha mwanafunzi.

Yafaa tukumbuke mtihani wenyewe ulivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, halimwulizi mtahiniwa wa Kidato cha Nne mambo ya mwaka wa mwisho tu. Huulizwa pia yale aliyofundishwa alipoingia shuleni, akiwa bado mgeni. Tena ugeni huo una uzito wake, maana mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, aingiapo sekondari ya Serikali, hukuta karibu masomo yote yafundishwa kwa Kiingereza. Hivyo mwaka wa kwanza, ambao wengi huuona mwaka wa kupumzika, ndio hasa mwaka ambao somo likimpita halirudi kwa urahisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Kidato cha Nne hujengwa usiku, kwa haraka, tena bila matofali ya kutosha.

Wataalamu wameuchunguza usahaulifu kwa vipimo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, akijifunza silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea katika saa na siku za kwanza, kisha mwendo wake hupungua. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa kadiri ya marudio 68 aliyoyafanya siku moja. Basi mtoto arudiaye somo jioni ile ile, na tena baada ya siku chache, hutumia nguvu kidogo kuliko yule akeshaye Novemba, naye hubaki na mengi zaidi.

Lakini kurudia nako kuna namna yake. Watoto wengi hudhani kudurusu ni kupitisha macho juu ya daftari mara nyingi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, walitoa habari za jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi hao walipewa habari fupi wasome, kisha wengine waliisoma tena, na wengine waliandika yote waliyoyakumbuka pasipo kuitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Hapo twaona kwa nini kijana asema jana usiku alijua yote, na chumbani mwa mtihani hakumbuki. Hakusema uongo. Alilizoea daftari, wala hakujizoeza kujibu.

Kwa hiyo shauri letu ni jepesi, nalo halihitaji fedha nyingi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza apewe saa moja kila jioni, wakati ule ule, mahali pale pale. Afunge daftari, aandike kwa maneno yake aliyofundishwa siku hiyo, kisha alifungue asahihishe. Siku ya Jumamosi ajiulize ya juma zima, na mwisho wa mwezi ajibu maswali machache ya mitihani iliyopita, bila kitabu, na saa iko mezani. Asilolijua aliandike pembeni, akamwulize mwalimu Jumatatu. Kwa njia hii afikapo Upimaji wa Taifa wa Kidato cha Pili hataona jambo geni, wala miaka miwili baadaye.

Wako wasemao, "Mimi Kiingereza changu ni kidogo, nitamsaidiaje?" Twawajibu kwamba mzazi hatakiwi kufundisha. Ashike daftari, amwambie mtoto, "Nieleze kwa Kiswahili jambo hili ni nini, kisha uliseme kwa Kiingereza." Asiyeweza kueleza hajajua, na mtoto mwenyewe atalitambua hilo kabla ya mzazi wake. Wengine hutegemea tuisheni ya mwaka wa mwisho. Hatuikatai, lakini mwalimu wa tuisheni hawezi kukumbuka kwa niaba ya mwanafunzi. Na wale waonao kwamba twawanyima watoto michezo na wafikiri: saa moja kwa siku huacha nafasi ya mpira na ya usingizi, ila kukesha kwa Novemba huvila vyote viwili.

Kuna neno moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika nyumba nyingi saa hiyo moja hupewa mtoto wa kiume, na dada yake, wa kidato kile kile, hutumwa maji, hupika, huosha vyombo, kisha hufungua daftari wakati macho yamekwisha kuwa mazito. Matokeo yatokapo husemwa kwamba msichana hana akili ya masomo. Hilo si haki. Tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari, Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Lakini hakuna waraka wa Serikali uwezao kumpa binti saa moja ya utulivu nyumbani kwake. Hiyo ni amri ya mwenye nyumba, naye aweza kuitoa leo.

Mwisho, twapendekeza kwa kamati ya chama chetu kwamba chumba cha mikutano, ambacho jioni nyingi hukaa kimefungwa, kifunguliwe saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku kwa watoto wa wanachama ambao nyumba zao ni chumba kimoja. Taa iko, meza ziko, na mwanachama mmoja kwa zamu atatosha kuwaangalia na kuwasindikiza nyumbani. Zamu hizo zianze na watoto wa Kidato cha Kwanza, wala zisingoje wale wa Nne. Jambo hili likijadiliwa katika mkutano ujao, sisi tutakuwa wa kwanza kuandika jina letu katika orodha ya zamu.