Metali dhidi ya virusi: Kitui na Makueni zisingoje

Mgonjwa wa kichaa cha mbwa akishaanza kuogopa maji, kwa kawaida daktari hubaki na kazi ya kumpunguzia mateso tu. Dawa ya kumponya haipo. Ndiyo maana habari za kemia ya metali zinastahili kusikika Kitui na Makueni, kaunti mbili kati ya tano zilizoteuliwa kuanzisha mkakati wa Kenya wa 2014–2030 wa kutokomeza vifo vya ugonjwa huu.

Habari yenyewe ni njema. Mwaka 2021 timu ya Michael Hannon wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ilionyesha kwamba molekuli zenye umbo la silinda, zilizojengwa kwa metali kama nikeli, hujipachika kwenye vifundo vya RNA ya virusi vya korona na kuvizuia kuzaana katika seli za maabara. Metali katika dawa si jambo geni: sisiplatini, yenye platinamu, inatibu saratani tangu 1978 kwa kung'ang'ania DNA.

Lakini shangwe ipunguzwe kidogo. RNA ya korona ikiingia kwenye seli husomwa moja kwa moja, vifundo vyake vikiwa wazi. Ile ya kichaa cha mbwa, yenye herufi zipatazo 12,000, hufungwa kwa protini toka mwanzo hadi mwisho. Tena virusi vyenyewe hupanda kupitia neva hadi ubongoni, ambako dawa nyingi hazipenyi. Wanakemia wa Kenya wakitaka kujaribu, na wajaribu. Ila asiambiwe mtu kwamba tiba iko mlangoni.

Pesa za kaunti ziende kwingine kwanza. Takribani asilimia 99 ya vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huu huanzia kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, wakiwemo wale wa vijiji vya mbali na miji ya Wote au Mwingi.

Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa kuwa ganda la nje la virusi hivi ni la mafuta na sabuni huliyeyusha. (Dakika 15 si mchezo kwa familia inayochimba mchanga wa mto ili ipate mtungi mmoja.) Kisha aikute chanjo katika zahanati ya karibu siku hiyo hiyo, badala ya kupewa barua ya kwenda kuitafuta mjini kwa nauli ya kukopa.