Mita moja, milango minane: nani analipia ngazi ya juu?

MPANDA – Mpangaji anayetafuta chumba Makanyagio, Majengo au Nsemulwa huuliza mambo matatu: kodi ni kiasi gani, umeme unagawanywaje, na maji je? Jibu la swali la tatu ndilo lisilo na hesabu. Mwenye nyumba hutaja kiwango cha kila mlango, mpangaji hukubali kwa kuwa chumba kimepatikana, na ankara yenyewe wengi hawaioni hadi wanahama.

Soko la vyumba mjini hapa limepanuka kwa kasi. Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Watumishi, wachimbaji wa dhahabu na wanunuzi wa mpunga hawajengi siku wanayoshuka kwenye treni kutoka Kaliua, wanapanga. Nyumba ya vyumba vinane, korido katikati, bomba moja uani na mita moja ukutani, ndiyo inayowabeba.

Bei za maji ya majumbani katika miji mingi nchini zimekuwa zikipangwa kwa ngazi: uniti za mwanzo kwa bei nafuu, zinazofuata kwa bei ya juu zaidi. Nia ni njema. Mnyonge apate maji ya kunywa na kupikia kwa bei anayoimudu, na mwenye kumwagilia bustani alipie anasa yake. Tatizo ni kwamba mita haihesabu watu. Inahesabu maji tu.

Tuchukue mfano wa bei za kubuni. Uniti 5 za kwanza ziwe Sh 1,000 kila moja, 10 zinazofuata Sh 1,300, na zaidi ya hapo Sh 1,600. Familia yenye mita yake inayotumia uniti 5 kwa mwezi hulipa Sh 5,000. Familia nane za kiwango hichohicho, zikichota kwenye bomba moja, hutumia uniti 40. Ankara yao inafika Sh 58,000, yaani Sh 7,250 kwa kila familia. Maji ni yaleyale, ndoo ni zilezile, lakini anayeishi chumba kimoja analipa asilimia 45 zaidi ya mwenye nyumba na geti lake.

Jambo hili si geni kwa wachumi. Mwaka 1992 Dale Whittington, mtaalamu wa Marekani, alichapisha uchambuzi uliotumia mji wa Kumasi, Ghana, ambako familia nyingi huishi katika nyumba za pamoja zenye bomba moja. Alionyesha kuwa bei ya ngazi, iliyotungwa kumlinda maskini, inaweza kumgeukia. Nyumba za Kumasi hazitofautiani sana na za Nsemulwa.

Kuna wanaosema dawa ni kuzidisha ngazi ya kwanza kwa idadi ya familia. Hesabu ni nzuri, utekelezaji ni mgumu. Wapangaji huhama kila msimu wa mavuno, na mwenye nyumba ataandikisha familia kumi hata kama anazo nne. Nani atakwenda kuhesabu vitanda? Kumpa kila mpangaji mita yake nako kunataka mabomba mapya ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili hiyo.

Njia rahisi ni bei moja isiyopanda kwa kila mita inayohudumia familia zaidi ya moja. Kwa mfano wetu, Sh 1,150 kwa uniti ingeleta ankara ya Sh 46,000, au Sh 5,750 kwa familia. Nchini Kenya, mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, amekwisha kutambua majengo yenye kaya nyingi kuwa kundi la pekee katika bei za maji. Mamlaka ya maji itapoteza Sh 12,000 kwa nyumba kama hiyo, na fedha hizo lazima zitoke mahali, kwani pampu hazisukumwi na huruma. Zitoke kwa mwenye nyumba ya familia moja anayevuka uniti 15.

Suala hili litakuwa zito zaidi mtandao wa majitaka utakapofika. Leo nyumba nyingi za Mpanda zinategemea mashimo, na gari la kunyonya hulipwa kwa safari. Mahali penye bomba la majitaka, gharama mara nyingi hufungwa kwenye ankara ya maji. Nairobi imetumia asilimia 75 ya maji kwa miaka mingi. Kwa kiwango hicho, pengo la Sh 2,250 katika mfano wetu linafika karibu Sh 3,940.

Bei mpya hazitungwi na MUWASA peke yake. Mamlaka hiyo huomba, na EWURA huidhinisha baada ya kusikiliza maoni ya wadau katika mkutano wa taftishi. Hapo ndipo hoja hii inapotakiwa kutolewa. Lakini ankara ina jina la mwenye nyumba, naye keshaigawa kwa milango minane kabla hajaingia ukumbini.