Kwani Muha ni Mlinzi Tu?

Nyie watunzi wa michezo mlioko Dar, mna kesi ya kujibu! Kila mkitaka mlinzi wa getini mnamleta Muha, lafudhi mnaipindisha, watu wanacheka, basi.

Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983, alipata Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza mtumwa katika 12 Years a Slave. Amesimulia mwenyewe kwamba baada ya hapo alitakiwa awe mtumwa tena, safari hii ndani ya meli. Tuzo yote ile, halafu urudi minyororoni! Akasema heri apungukiwe kazi moja kwa mwaka.

Mimi tuzo sina. Nina kidato cha nne na madaftari matatu ya riwaya. Shujaa wangu ni msichana wa Kibondo, mpima ardhi. Mhariri mmoja (simtaji) alinirudishia: "Haiaminiki. Mfanye mkimbizi." Ukimbizi si aibu, ila hapo ndipo panapochoma. Kiha na Kirundi ni ndugu, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996. Basi ukifungua mdomo tu, unaulizwa uraia.

Na hizo kazi za sulubu hatukuzaliwa nazo. Mkoloni ndiye aliyeigeuza Kigoma ghala la manamba, babu zetu wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Mkoloni kaondoka 1961, nyie mmebaki na daftari lake!

Mpima ardhi wangu simbadilishi. Jana nimeanza sura ya nane: yuko Kasulu, anagombana na diwani juu ya mpaka.