Wiki Moja Katika Timu ya Masoko Haipotei Bure

Wiki ya mwanafunzi wa sekondari katika timu ya masoko hupingwa kwa hoja inayojirudia magazetini: siku tano hazitoshi kujifunza lolote, na mtoto huishia kuchemsha chai na kutoa fotokopi. Chai kweli huchemshwa. Lakini hoja hiyo huitazama kazi ya masoko kwa jicho la Kampala.

Katika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, bidhaa moja huuzwa kwa lugha kadhaa. Tangazo la sabuni la Kilugbara linalotosha Arua halitoshi Koboko, penye Wakakwa wengi. Na wachuuzi wanaovuka kwenda Ariwara, Kongo, au kupitia Oraba kuingia Sudan Kusini, hupatana bei kwa Kiswahili au Kiarabu cha Juba. Mwanafunzi aliyekulia Koboko akipewa rasimu ya tangazo la redio, ataona mara moja kwamba bei imetajwa kwa katoni, ilhali mama wa sokoni hukata mche na kuuza kipande. Meneja mwenye shahada huenda asilione hilo mwaka mzima.

Kwamba mitihani itaathirika? Mtaala wa sekondari ya chini ulibadilishwa mwaka 2020, na tangu mtihani wa taifa wa UCE wa 2024 tathmini inayofanyika shuleni, miradi ikiwemo, huchangia asilimia 20 ya alama; wiki kazini inaweza basi kuulisha mradi badala ya kuuharibu mtihani. Wiki ikipotea bure, wa kulaumiwa ni mwajiri anayempokea mwanafunzi bila kumwandalia kazi. Angempeleka sokoni siku ya kwanza, ghalani siku ya pili, kisha kwenye daftari la mauzo.