Kambi ya Uongozi Isiishie Kambini

Mtahiniwa wa kidato cha nne, umesoma ngazi za serikali ya mitaa na huenda umezikariri. Hapa nakuomba uzifikirie kama mambo yatakayokuhusu baada ya mtihani.

Nchini Marekani upo mpango uitwao Girls State, ulioanza mwaka 1937. Wakati wa likizo ya kiangazi, wasichana wa sekondari huishi pamoja kwa siku chache, huunda miji ya kuigiza, hugombea vyeo, hupiga kura na kujadili miswada. Hapa kwetu pia zipo semina za uongozi kwa wasichana, na yapo mabaraza ya watoto. Wewe msichana wa Haydom, ukipata nafasi ya namna hiyo, usiiache. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba mafunzo hayo yatakuwa na faida kamili pale tu yatakapokufikisha kwenye mkutano wa kijiji chako.

Kwanza, kijijini hakuna kuigiza. Katika vijiji vinavyoizunguka Haydom, ardhi ndiyo shamba na ndiyo malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sheria hiyohiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Nafasi zipo. Je, zikaliwe na waliotajwa ili kutimiza idadi, au na wanawake waliozoea kusoma, kuuliza na kutetea hoja?

Pili, anayeijua sheria huweza kufika mbali hata bila cheo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Hakuwa mbunge wala waziri. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka huohuo, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo.

Tatu, kijiji kinakuhitaji. Haydom ni mahali wanapokutana Wairaqw, Wadatooga, Wanyisanzu na Wahadzabe. Huenda bibi yako hakielewi vizuri Kiswahili cha taarifa ya mapato na matumizi. Wewe unaweza kumfafanulia kwa lugha yake, naye akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo.

Wapo wanaosema msichana amalize shule kwanza, uongozi utakuja baadaye. Hoja hii ina uzito, kwani kazi za nyumbani ni nyingi na mtihani hausubiri mtu. Lakini mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Nusu siku haitakufelisha. Tena, baada ya mtihani wa Novemba utakuwa na miezi ya kungoja matokeo, anza hapo.

Ikiwa umetimiza miaka 18, wewe ni mjumbe kamili wa mkutano huo. Ikiwa hujatimiza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakupa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Ulizia baraza la watoto katika kata yako. Na wewe mvulana, dada yako akisimama kuuliza, usimcheke. Maji na zahanati anazoulizia ni zako pia.

Nenda na daftari. Andika kilichoamuliwa, kiasi cha fedha kilichotajwa na jina la aliyekabidhiwa kazi. Mkutano ujao, uliza imefikia wapi.

Swali la kujipima: "Viti vya wanawake katika vyombo vya kijiji havitoshi kuleta usawa." Jadili kauli hii kwa hoja nne, ukitoa mifano kutoka kijiji au mtaa wako.