Unalipia Apu na Bado Unarudi kwa Jamaa wa Flashi: Shida Iko Wapi?

Unajua vile inaendaga. Mabeshte wako X wanabishana kuhusu muvi mpya. Unaingia kwa apu, unaandika jina, unaletewa zingine zinafanana nayo. Yenyewe haiko. Umelipa mwezi, umenunua bando, na bado unaishia kwa jamaa wa muvi pale steji akujazie flashi.

Wengi wanadhani apu ni mbovu. Zii. Ni vile biashara yenyewe imepangwa. Haki za muvi huuzwa nchi kwa nchi, na kwa muda. Kampuni moja inaweza kuwa nazo Marekani, nyingine Ulaya, na ikawa hakuna aliyejisumbua kununulia Kenya. Muda ukiisha muvi inatolewa, hata kama ulikuwa umefika katikati. Ile doh unatuma kila mwezi inakununulia ruhusa ya kucheki chenye kiko leo. Ya kesho haujaahidiwa.

Sasa angalia vile tumezungushwa. Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 ikatuletea mpango wa bure kwa simu za Android, bila kadi, bila matangazo. Novemba 2023 ikaufunga. Katikati hapo, Februari 2023, ilishusha mpango wa simu kutoka 300 hadi soo mbili, halafu Mei ikaanza kubana watu wa kugawana paswadi. Amazon Prime Video nayo, Januari 2024, ikaacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika. Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ikachukua usukani wa MultiChoice, waliokuwa na DStv, GOtv na Showmax.

Unaweza sema hiyo ni stori ya mabwenyenye. Lakini Crime and Justice ya 2021, yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua, ilitengenezwa kwa sababu Showmax iliamua kuweka doh kwa kazi ya Kenya. Mwaka uliofuata, Country Queen ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya ya Netflix. Nyuma ya kazi kama hizo kuna msee wa kamera, wa taa, wa sauti, dere, na mama wa chakula. Wote wanategemea uamuzi wa mtu hakai Nairobi. Bosi akibadilika, hesabu inabadilika, na sisi tunajua tu tukisoma kwa simu.

Na kuna kitu inauma zaidi. Jaribu hii leo: tafuta Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ile ya 2012 ya Mwas anayetoka ocha kuja kusaka uigizaji tao. Ndiyo muvi ya kwanza Kenya ilipeleka kushindania Oscar ya lugha ya kigeni. Itafute kwa kila apu unalipia, kisha umuulize jamaa wa flashi. Kama yeye anayo na apu hazina, basi yeye ndiye maktaba ya muvi zetu. Tatizo ni kwamba ukimpa finje, waliotengeneza hawaoni hata bob.

Na usiseme watu wa mtaa hawapendi kulipa. DJ Afro alijaza vibanda miaka mingi akisimulia muvi za majuu kwa lugha ya mtaa, na watu walikuwa wanatoa kiingilio mlangoni. Bei ikitoshea mfuko na stori ikiongea lugha ya mtu, atalipa.

So ufanye nini? Moja, usilipie apu zote kwa mpigo. Lipia moja, maliza yenye unataka, kata, hamia nyingine. Kabla ulipe, cheki kwanza kama hiyo muvi iko upande wa Kenya. Mbili, muvi ya Kenya ikiingia sinema, enda wiki ya kwanza. Viti vikiwa wazi siku za mwanzo, sinema inapea nafasi yake muvi ya Hollywood. Tatu, kama wewe ni wa kutengeneza, soma kandarasi kabla usaini. Angalia haki zinarudi kwako lini, ndio apu ikizitoa uweze kuuza mwenyewe kwa M-Pesa.

Na serikali isijifiche. Kenya Film Commission iko tangu 2005. Tuiulize swali moja tu: muvi zetu za zamani ziko wapi, na mwananchi anazicheki wapi kihalali?

Mwezi ukiisha, kabla ulipe tena, fungua hiyo apu yako uhesabu muvi za Kenya ziko ndani. Kama hazifiki tano, hiyo doh inaweza kununua tiketi ya muvi ya Kenya mahali pengine.