Nauli ya Dozi
Tangu kliniki ya methadoni ilipofunguliwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, mraibu wa heroini anaweza kutibiwa huku akilala kwake. Anafika dirishani, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Dawa hiyo huzuia arosto, yale mateso ya kukosa heroini, kwa takriban saa 24, kwa hiyo haijui Jumapili wala Idi. Sasa mtafutie kazi mtu huyo! Bosi gani atavumilia kibarua anayechelewa kila asubuhi? Na nauli ataiomba wapi, kama si kwa wale wale aliokuwa akitumia nao maskani? Vituo vimeongezwa, Mwananyamala kisha Temeke, na tunashukuru. Ila kwa anayetoka Bunju au Chanika, daladala ni nusu ya tiba. Waliokwisha kutulia waruhusiwe, wengi zaidi, kwenda na dozi nyumbani.